Sindano ya Bega Isiyokuwa na Jina

Bega langu la kulia lilianza kunisumbua wakati wa kufunga ushungi. Mkono ulifika usawa wa sikio ukagoma, na nikiulazimisha, maumivu yalishuka mpaka kwenye kiwiko. Baada ya miezi mitatu nilikuwa siwezi kufikia kabati la vyombo wala kulalia upande ule, na kichwa changu alikuwa akikisuka binti yangu. Nina kisukari cha ukubwani kwa mwaka wa tisa sasa, na baadaye nilikuja kuelezwa kwamba bega kuganda huwapata wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Wakati ule sikuyaunganisha mambo hayo mawili, na aliyenitibu naye hakuyaunganisha.

Nilikwenda kwenye zahanati moja ya binafsi hapa Tanga ambayo sitaitaja. Tabibu alilikagua bega kwa makini, alinyanyua mkono wangu huku na huku, kisha akasema sindano moja ingenitosha. Nilipomuuliza ni sindano gani alinijibu, "Ya bega, mama. Ya maumivu." Juu ya trei kulikuwa na kichupa kidogo chenye dawa nyeupe mfano wa maziwa yaliyotiwa maji, kizibo chake cha mpira kikiwa kimekwisha kutobolewa na sindano moja imeachwa imechomekwa hapo hapo. Alikitikisa kichupa, akavuta dawa, akaichanganya na ganzi, akanichoma nyuma ya bega. Haikuuma kama nilivyoogopa. Nililipa nikaondoka, na usiku ule nililala kwa ubavu wa kulia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa wiki nyingi.

Siku iliyofuata nilihisi uso una moto, kama mtu aliyeinamia jiko la mkaa muda mrefu. Jioni nikaanza kiu. Usiku niliamka mara tano kwenda haja ndogo, na katikati ya safari hizo usingizi ulinikimbia kabisa, hata saa tisa za usiku nilikuwa jikoni naumua unga wa vitumbua ambavyo hakuna aliyeviomba. Nilijiambia ni furaha ya kupumzika na maumivu. Siku ya tatu ndipo nilipochukua mashine yangu ya kupima sukari, ambayo nakiri huwa naiweka kando nikijiona mzima, nikatoboa kidole: milimoli 22.4 kwa lita. Sikuamini. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikatoboa kidole kingine, ikasoma 22.1. Kwa kawaida asubuhi mimi huwa kwenye 7 au 8.

Hospitalini daktari wa zamu, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alinisikiliza akaniuliza swali moja ambalo ndilo lililonifanya niandike habari hii: "Mama, ulichomwa dawa gani?" Nikasema, sindano ya bega. Akauliza tena kwa upole, dawa gani, kiasi gani. Sikuwa na jibu, wala kikaratasi. Alipima mkojo wangu kuona kama mwili umeanza kutoa sumu za asidi, akashukuru Mungu hazikuwepo, akaniandikia insulini ya siku chache na kuniamuru nipime sukari mara tatu kwa siku. Kisha mwanangu alirudi kwenye zahanati ile, akaomba kuliona boksi la dawa, akalipiga picha kwa simu. Ilikuwa triamsinoloni asetonidi, miligramu 40 kwa kila mililita moja.

Sasa niieleze dawa yenyewe, kwa sababu tangu siku ile nimeisoma na kuiulizia kuliko nilivyowahi kufanya kwa dawa yoyote niliyoitumia.

Triamsinoloni ni mmoja wa ukoo wa kotikosteroidi, kwa kifupi steroidi, ambao ndani yake wamo pia haidrokotisoni, prednisoloni, methiliprednisoloni na deksamethasoni, ambayo mtaani kwetu inajulikana kwa jina la deksa. Zote zinaiga homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, moja kila upande. Homoni hiyo hutuliza uvimbe na mwasho wa ndani, huamsha ini litoe sukari, na hurekebisha shinikizo la damu na namna mwili unavyokabili ugonjwa au ajali. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench alimpa kotisoni, dawa ya ukoo huu huu, mgonjwa wa baridi yabisi, na mtu aliyekuwa hawezi kunyanyuka kitandani akaweza kutembea ndani ya siku chache. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kuona upande wa pili: nyuso zilizojaa, mifupa iliyopukutika, vidonda vya tumbo, akili kuvurugika. Ndipo mwaka 1951 Joseph Hollander na wenzake wakatoa ripoti ya kuichoma dawa ndani ya kiungo kinachouma badala ya kuieneza mwili mzima, kwa matumaini kwamba itabaki hapo hapo.

Matumaini hayo yametimia nusu. Dawa ile nyeupe ina vijichembe visivyoyeyuka haraka, ndiyo maana chupa hutikiswa kwanza, na ndiyo maana nguvu yake hudumu wiki kadhaa ndani ya kiungo. Ila kidogo kidogo vijichembe vinayeyuka na kuingia kwenye damu, na vikifika huko haviulizi kama wewe ulikuja kwa ajili ya bega tu. Kwa mwenye kisukari, sukari huweza kupanda kuanzia siku ya kwanza au ya pili na kubaki juu kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja na zaidi. Yangu ilirudi chini ya 9 siku ya nane. Uso kuwa wa moto na kukosa usingizi ni madhara yanayofahamika, nayo huisha yenyewe, lakini mtu akiambiwa mapema hatapika vitumbua usiku wa manane akidhani amepata nguvu mpya.

Kwa haki niseme pia kwamba bega lilipata nafuu. Wiki ya pili nilifunga ushungi bila msaada. Sindano hii ikitumiwa mahali pake ni dawa ya maana sana, na simlaumu tabibu yule kwa kuichagua. Ninachomlaumu ni kwamba hakuniuliza kama nina kisukari, na hakuniambia jina la alichoniwekea. Lile swali moja lingetosha kunifanya nipime sukari tangu jioni ya kwanza.

Nirudi kwenye kile kichupa kilichokwisha kutobolewa. Wakati ule hakikunisumbua, ila sasa kila nikikikumbuka nywele zinanisimama. Kiungo ni chumba kilichofungwa, na kijidudu kikiingizwa humo na sindano hukuta mahali pa joto, pasipo na walinzi wengi, tena pamewekewa dawa ambayo kazi yake mojawapo ni kuwalaza walinzi wachache waliopo. Mwaka 2012 huko Marekani, methiliprednisoloni iliyotengenezwa na famasi moja ya kuchanganya dawa ya Massachusetts ilichafuliwa na ukungu wakati wa utengenezaji, ikachomwa migongoni na kwenye viungo vya maelfu ya watu. Zaidi ya 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafariki. Ile ilikuwa kasoro ya kiwandani, na sindano iliyoachwa juu ya kizibo ni kasoro ya trei, lakini kwa kijidudu mlango ni mlango. Mgonjwa ana haki ya kuona ngozi yake ikisafishwa kwa dawa, sindano mpya ikifunguliwa mbele yake, na kichupa kisichokuwa kimeachiwa sindano kichwani. Muuguzi mzuri hatakasirika ukitazama.

Hapa kuna jambo la kulitofautisha vizuri. Baada ya sindano ya kiungo, watu wengine hupata maumivu makali zaidi ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu vile vijichembe huchokoza utando wa kiungo, kisha maumivu hayo hupungua yenyewe kwa kupumzisha kiungo na kukiwekea barafu. Lakini kiungo kikizidi kuuma baada ya siku ya tatu, kikavimba na kuwa cha moto, na mtu akapata homa au akashindwa kabisa kukitumia, hapo asisubiri wala asirudi duka la dawa kuomba sindano nyingine ya maumivu. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache tu. Na kwa sababu steroidi hupoza dalili, homa inaweza kuwa ndogo kuliko ugonjwa ulivyo.

Nilipowasimulia ndugu zangu haya, mdogo wangu anayeishi Korogwe alivuta mkono wa gauni lake akanionyesha kitu alichokuwa amekificha mwaka mzima. Juu ya mkono wake wa kushoto, mahali panapochomwa chanjo, ngozi ilikuwa imebonyea kama unga uliobonyezwa kwa kidole gumba, na kuanzia hapo ulishuka mstari wa weupe wenye urefu wa nusu kidole, ukifuata njia ya mshipa. Alikuwa amechomwa sindano ya mzio, naye hakuambiwa jina lake. Weupe ulijitokeza baada ya miezi miwili, na majirani walianza kunong'ona kwamba ni mbalanga, mmoja akaenda mbali zaidi akasema ukoma. Alipokwenda kwa daktari wa ngozi akaelezwa kwamba steroidi ya aina ya maziwa ikiwekwa juu juu, hukondesha mafuta yaliyo chini ya ngozi mpaka pakabonyea na hupunguza rangi ya ngozi. Ndiyo maana triamsinoloni ikihitajika msulini huchomwa kwa kina kwenye tako, na maelekezo ya watengenezaji yanakataza kuichoma kwenye msuli wa juu ya mkono. Kwa ngozi zetu nyeusi alama hiyo huonekana kutoka mbali. Yake imeanza kujaa rangi polepole, na daktari amemwambia avumilie miezi mingine kadhaa. Aliyempa ukoma hajamwomba radhi.

Daktari wangu wa kliniki ya kisukari, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenifunza maswali yanayotakiwa kuulizwa kabla ya sindano hizi. Baada ya kisukari aliuliza presha, vidonda vya tumbo, presha ya macho na dawa za kuyeyusha damu. Aliuliza kikohozi cha muda mrefu, kwa kuwa steroidi hudhoofisha kinga na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, hasa dawa ikitumiwa kwa wingi au kwa muda. Kisha akafunga mlango, ingawa tulikuwa wawili tu, akaniuliza kama natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Nilishangaa, nikadhani ananishuku. Akanieleza. Miongoni mwa wanaotumia dawa hizo wapo wagonjwa, hasa waliohamishiwa mstari wa pili, yaani wale ambao dawa za mwanzo ziliwashinda, wanaotumia mchanganyiko wenye ritonaviri, kama ule wa atazanaviri au lopinaviri. Kazi ya ritonaviri ni kuzuia kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja dawa, ili mwenzake adumu mwilini. Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachoiondoa triamsinoloni. Kwa hiyo sindano moja tu ya goti, ambayo kwa mtu mwingine ingekwisha nguvu polepole bila kelele, kwa huyu hubaki na kujikusanya. Wiki chache baadaye uso unajaa kama mwezi mpevu, tumbo linatoka, mapaja na mikono inakonda, presha na sukari vinapanda. Kibaya zaidi kinatokea kimya: zile tezi juu ya figo, zikiona homoni imejaa tele kwenye damu, huacha kazi yake. Mtu huyo akipata malaria kali au ajali, au dawa ikiisha ghafla mwilini, tezi zilizolala haziwezi kuamka kwa wakati, na anaweza kuzirai na hata kufa. Wanaotumia mchanganyiko wa dolutegraviri usio na ritonaviri hawana tatizo hili, na ndio wengi siku hizi, lakini hakuna anayeweza kumjua mtu wa mstari wa pili kwa kumtazama.

Naona hapa ndipo pagumu kuliko pote. Mwenye goti hasemi, kwa sababu ameketi kwenye benchi pamoja na jirani yake na mlango uko wazi. Mtoa huduma haulizi, kwa sababu anaona aibu au anaona goti halihusiani. Kila mmoja ana heshima yake, na kati ya heshima hizo mbili mgonjwa anadhurika. Kama unatumia dawa hizo, si lazima useme mbele ya benchi. Omba kuzungumza faragha, au beba kopo lako kwenye mfuko mweusi umwonyeshe daktari bila kutamka neno. Zipo steroidi nyingine ambazo ritonaviri haizishiki sana, na zipo njia nyingine za kutibu goti.

Kuhusu kurudiarudia, nina jirani ambaye huchomwa goti karibu kila mwezi, na anasema bila sindano hatembei. Madaktari wengi wanashauri isipungue miezi mitatu kati ya sindano na sindano katika kiungo kimoja. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston kwa watu 140 wenye magoti yaliyolika: nusu walichomwa triamsinoloni miligramu 40 kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, na nusu wengine maji ya chumvi. Mwishoni gegedu, yaani ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, za waliochomwa dawa zilikuwa zimepungua zaidi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti ya maana na ya wale wa maji ya chumvi. Utafiti mmoja haufuti nafuu ya wiki chache ambayo wengi huipata, lakini kama miezi mitatu mitatu ilionyesha hivyo, sijui goti la jirani yangu linalochomwa kila mwezi litakuwa katika hali gani. Kano nazo hulegea dawa ikiwekwa ndani yake, hasa ile nene ya kisigino, na huweza kukatika mtu anapopanda ngazi tu.

Mengine nitayapitia upesi. Wanawake wengine huona damu ya hedhi ikibadilika tarehe au ikitoka bila mpango. Mwenye mimba aseme kabla. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu, iwe sindano au vidonge, asiache ghafla kwa uamuzi wake, kwa sababu ya zile tezi zilizolala. Na dawa ya aina ya maziwa haichomwi kwenye mshipa wa damu kamwe. Deksa ni ya maji maji na inaweza kuchomwa mshipani, nayo imeokoa wengi, wakiwemo wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, lakini ile sindano ya mchanganyiko wa deksa na diklofenaki ambayo watu huichoma kwa kila mgongo unaouma, bila kupimwa chochote, ni habari nyingine kabisa.

Miezi saba baada ya sindano ile bega lilianza kukaza tena. Safari hii nilikwenda kwa daktari wa mifupa nikiwa na daftari la shule lenye jalada la buluu. Nilimsomea jina la dawa, kiasi, tarehe na sukari za siku nane. Aliniuliza maswali yale yale, likiwemo la mlango kufungwa, akasema tungoje wiki mbili kwanza sukari ya asubuhi itulie na nianze mazoezi ya bega, kisha kama bado lazima atachoma nusu ya kiasi kile. Wiki mbili zilipita, bega likawa bado. Muuguzi alifungua kichupa kipya mbele yangu, akanisomea jina kwa sauti huku mimi naandika: triamsinoloni asetonidi, miligramu 20, bega la kulia, sukari asubuhi 7.6. Nilimwomba anipe kichupa kitupu nikaweke kumbukumbu. Akacheka, akasema hicho kinakwenda kwenye pipa la takataka za hospitali, lakini kaboksi kake anaweza kunipa. Nimekabandika kwa gundi ya karatasi kwenye ukurasa wa pili, na chini yake nimeandika sukari ya jioni ile: 11.3, na ya kesho yake: 14.8, na ya keshokutwa: 12.0.